Mkeka wa Msiba na Mizani ya Nesi Lupe

Jumatatu, 3 Juni

Nimedhalilishwa kanisani. Tena mbele ya kwaya nzima!

Jana baada ya ibada Mchungaji alitangaza mashindano ya kupunguza uzito. Watu watapimwa Jumamosi hii, watapimwa tena Jumamosi ya kwanza ya Julai, na atakayekuwa amepungua kilo nyingi kuliko wote atapewa zawadi. Zawadi yenyewe? Nguruwe. Jike, mnono, ametolewa na Shangazi Kalolaine. Hiyo ndiyo akili ya kanisa letu. Unamshindisha mtu njaa mwezi mzima halafu unamkabidhi nguruwe.

Kelepi, jirani yangu, ambaye tunaimba naye besi na ambaye sijawahi kumpenda hata siku moja, aligeuka palepale kwenye benchi akanitazama tumbo. Akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa akina mama wa soprano, kwamba nguruwe huyo ni wa Penisimani, yaani mimi, hakuna haja ya kushindana, maana Penisimani ndiye mwenye mtaji. Watu wakaangua kicheko. Mke wangu Sulieti hakucheka. Shangazi Kalolaine alicheka mpaka akajifuta machozi, lakini Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, na hapa Tonga dada wa baba yako akikucheka unainamisha kichwa unasema asante.

Leo ikawa zamu ya Nesi Lupe. Nilikwenda zahanati kuchukua dawa za kisukari tu, zangu na za Sulieti, yeye akataka kuona mguu. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kina kidonda tangu Pasaka. Kidonda kidogo, cha kiatu. Akakigeuzageuza, akakinusa! Mtu mzima mimi, nanuswa kidole! Akasema sukari yangu imepanda kupita kiasi, kidonda hakitapona mpaka ishuke, na haitashuka mpaka nipunguze mwili. Sahani ndogo. Kutembea kila asubuhi. Mbavu za kondoo zenye mafuta, basi. La sivyo daktari wa mji mkuu, Nuku'alofa, atakikata kidole, na akishaanza kukata haishii hapo.

Nilimwambia nimestaafu nikiwa afisa forodha, nimepima mizigo ya nchi hii bandarini tangu yeye hajazaliwa, sifundishwi mambo ya uzito na binti niliyehudhuria ubatizo wake. Akajibu, sawa mzee, lakini kidole ni chako. Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Sulieti amelia. Anataka tuwe tunatembea pamoja alfajiri kando ya wangwa, mimi na yeye, taratibu tu, anasema, hata ukichoka tutakaa. Nimemwambia mimi si mbuzi wa kwenda na kurudi.

Jumatano, 5 Juni

Kelepi ameanza kutembea!

Nimemwona kwa dirisha. Kaptula. Miguu kama mihogo iliyomenywa. Yumo katikati ya akina mama wa kikundi cha Nesi Lupe, anapunga mikono, anachekesha watu. Na mke wangu yumo humo humo! Nilipomuuliza aliporudi, Sulieti akasema njoo na wewe basi, ili usimwonee wivu. Mimi? Wivu? Kwa mtu anayekosea noti kila Jumapili?

Nimeamua kushinda. Kidole ni jambo la Nesi Lupe. Mimi nataka kumwona Kelepi akipiga makofi huku nikikabidhiwa nguruwe.

Nimeanza leo leo, sina mchezo. Chakula cha mchana: gimbi moja la kuchemsha, kipande cha samaki, mboga za majani. Nimekula chote bila kunung'unika, Sulieti akanishika mkono kwa furaha. Kisha nikamuaga kwamba nakwenda dukani kununua betri za redio. Redio yetu haitumii betri. Nimekula kopo zima la nyama ya ng'ombe nyuma ya tangi la maji la kanisa, lile kopo kubwa, na biskuti ngumu za kabini, zile za mabaharia. Mbwa wa Mchungaji amenikodolea macho muda wote. Nilimpa biskuti moja ili anyamaze.

Njaa ya gimbi moja ni kitu kibaya. Inamfanya mtu mwongo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa nasikiliza matangazo ya vifo redioni. Mzee Uaisele wa kijiji cha Niutoua amefariki. Binamu wa marehemu mama yangu, kwa mbali. Hatujasalimiana tangu tugombane juu ya farasi. Nikasema maskini, nikanyoosha mkono kuzima redio. Mkono ukaganda hewani.

Mkeka!

Mfiwa wa kwetu anajifunga mkeka wa msiba kiunoni. Wa mbali anajifunga mdogo, wa karibu anajifunga mkubwa. Na hakuna binadamu mwenye haya atakayethubutu kumwambia mfiwa avue mkeka wake. Ndani ya kasha tunao mkeka wa marehemu mama mkwe: mkubwa kuliko yote kijijini, mzito, umechakaa pembe zote, ukiuvaa unaanzia kifuani na kukomea chini ya magoti. Nitapimwa Jumamosi nikiwa ndani ya mkeka. Nitapimwa Julai bila mkeka. Hesabu ya darasa la kwanza! Kilo sita, labda nane, zitakuwa zimepungua bila kuacha hata mfupa mmoja wa kondoo.

Nilipokuwa bandarini niliwakamata wafanyabiashara wengi kwa hila za mizani. Nilijua siku moja elimu ile itanifaa.

Jumamosi, 8 Juni

Ushindi! Ushindi mtupu!

Asubuhi niliumwagia mkeka maji kwa ndani, ndoo mbili. Sulieti alikuwa ametangulia ukumbini. Nilitembea kama mtu aliyebeba mlango. Nilipoingia, watu wote wakageuka. Wanawake wakaweka mikono vifuani. Kelepi, mjinga yule, alivua kofia.

Nesi Lupe akaniambia mzee pole sana, lakini kwenye mizani tunavua mikeka. Mchungaji akamrukia! Akamuuliza kama kwao hawakumfundisha, mfiwa anavuliwa mkeka mbele za watu? Nesi akawa mdogo kama sisimizi. Nikapanda. Kilo mia na hamsini na moja! Sijawahi kufurahia unene wangu namna ile. Kelepi alikuwa na mia na thelathini na tisa, ndani ya kaptula, maskini wa Mungu. Uzito wa Sulieti hata sikuuangalia.

Nesi Lupe akanifuata mlangoni. Akataka kuona kidole. Nikamwambia kwa sauti ya majonzi kwamba leo si siku ya vidole. Akasema kesho basi. Nikamwambia kesho ni Jumapili, hakuna kazi. Akasema Jumatatu. Nikasema tutaona. Mtu huyu amenikalia kooni.

Sulieti njiani akauliza, taratibu, ni lini mimi na Uaisele tulipatana. Nikamwambia mauti yanafundisha msamaha. Akanitazama, kisha akautazama mkeka unaovuja maji.

Jumapili, 9 Juni

Mambo yameharibika.

Shangazi Kalolaine aliniona kanisani na mkeka. Baada ya ibada aliniita, akanishika mashavu yote mawili, akalia. Alisema siku zote amekuwa akiomba nipatane na ukoo wa mama yangu, na leo Mungu amemjibu. Nilitaka kusema Shangazi, subiri kidogo. Lakini unamwambiaje dada wa baba yako asubiri? Alikuwa ameshapiga simu Niutoua. Amewaambia mwana wa kaka yake anakuja na mkeka mkubwa, atakuwa pamoja nao mpaka mwisho.

Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtoto wa miaka sita wa Tonga angelikumbuka. Mkeka mkubwa uliochakaa si wa kukalia mbele na kupokea pole. Mkeka mkubwa uliochakaa ni wa wale wa upande wa chini, wale wa jikoni! Wa kuchimba shimo la kuokea, kupasha mawe, kuchinja, kubeba. Kadiri mkeka unavyokuwa mkubwa, ndivyo unavyotangaza kwamba wewe ndiye wa kutumwa. Mimi niliangalia uzito tu. Lo! Nimejitia kitanzi mwenyewe, tena nikakilowesha maji ili kikaze vizuri!

Gari limekuja kunichukua saa ileile. Kelepi amesaidia kunisukuma nyuma ya pikapu. Ameniambia kaza moyo, Bwana Forodha. Nimemsikia akikohoa kuficha kicheko.

Jumatano, 12 Juni

Niutoua. Banda la kupikia. Moshi.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi vikuu. Tangu Jumatatu nimepasha mawe, nimefunua shimo, nimefukia shimo. Afisa forodha mstaafu! Vijana wananiambia mzee lete kuni, mzee shika miguu ya nguruwe, mzee, si nguruwe huyo, ni yule. Ndani ya nyumba dada wa marehemu, Bibi Tapaita, amekaa karibu na jeneza kama malkia, anapokea mazulia na mikeka mizuri. Sisi wa jikoni haturuhusiwi hata kuchungulia.

Lakini niseme kweli, kuna jambo moja la faraja. Mtu wa jikoni lazima aonje. Ngozi ya nguruwe ikitoka shimoni, ile ya mgongoni, nani atajua kama imeiva asipoonja? Nimeonja. Na mbavu za kondoo ndani ya majani ya magimbi, tui la nazi linachuruzika. Nimeonja na hizo. Huzuni inachosha mwili, unahitaji nguvu.

Jiwe la moto limeniangukia mguuni. Wa kushoto. Kijana mmoja akapiga kelele, mzee, mguu wako! Nikaangalia. Kweli, jiwe lilikuwa limekaa juu ya ndala yangu. Sikusikia maumivu yoyote. Nimewaambia sisi watu wa zamani tuna ngozi ngumu. Wamenisifu.

Jumapili, 16 Juni

Mazishi yamekwisha lakini jikoni hakujakwisha. Wageni wa visiwa vya Vava'u hawajafika wote.

Nimeruhusiwa nyumbani kwa ibada. Sulieti amepungua, naona shingo yake. Anasema anapanda ngazi za ukumbi bila kushika ukuta. Nikamwambia hongera, kwa ubaridi. Akasema ameniwekea viatu vya kutembelea vilivyotumwa na binti yetu kutoka Auckland, vilaini, havitagusa kidonda. Akavileta, akapiga magoti anivalishe. Akauona mguu. Kisha akasema, "Mume wangu, mguu huu unanuka."

Nikamwambia ni moshi. Akasema moshi haunuki hivi, nakujua, nakuomba twende kwa Nesi sasa hivi, nitamwita nyumbani kwake. Nikakasirika. Nikamwambia leo ni Jumapili, nchi hii ina sheria, watu hawafanyi kazi. Tena niko tayari kutembea kama anavyotaka, sijakataa, nitatembea, ila leo sheria inakataza.

Aliosha mguu kwa maji ya chumvi, akaufunga kwa kitambaa safi. Mimi nilikuwa nasinzia.

Shangazi ametuletea sahani. Nasema sahani, ni sinia. Kwa sababu niko kwenye majonzi. Nilijaribu kumsogezea mbwa kipande chini ya meza, akaniona. Akauliza kama chakula cha mkono wake kimekuwa cha mbwa. Nimekula chote, nikaomba cha pili ili moyo wake utulie. Sasa niambieni, hapo Nesi Lupe angefanya nini? Vitabu vyake vya sahani ndogo vimeandikwa na watu wasio na mashangazi.

Alhamisi, 20 Juni

Leo ilikuwa siku ya kufunga msiba. Niliamka na nyimbo. Leo mkeka unavuliwa! Nimepima tumbo kwa kamba, limeongezeka kidogo, lakini mkeka ukitoka bado nitakuwa mbele.

Bibi Tapaita akatoka nje kwa fimbo yake. Yeye ndiye mwenye kusema nani anavua, lini. Wa mikeka midogo akawaambia vueni, asanteni, nendeni salama. Wakavua. Akafika kwangu. Akasimama. Akasema mbele ya ukoo mzima kwamba hakutegemea. Kwamba marehemu alikufa akinung'unika juu yangu na farasi yule, na kumbe mimi ndiye niliyemlilia kuliko wanawe wa kuwazaa. Akanikumbatia. Akasema mtu wa mapenzi kama haya hawezi kuvua leo, atavaa siku mia, pamoja na watoto wa marehemu.

Siku mia!

Nikamwambia Bibi, mimi sistahili heshima hiyo. Akasema unyenyekevu huo ndio unaonyesha unastahili. Nikasema mgongo unaniuma. Akasema atanitumia mafuta. Nikasema labda mkeka mdogo kidogo? Watu wakanigeukia wote. Nikasema nilimaanisha mkubwa zaidi.

Maji yamenifika shingoni.

Jumanne, 2 Julai

Bado siku nne. Kelepi suruali imemlegea mpaka anaifunga kwa kamba. Amenipungia mkono leo akipita, akaniita nitoke nikatembee nao, mkeka si kitu, tutakwenda pole pole, akasema, mimi pia siku ya kwanza nilitapika. Hila tupu! Anataka nianguke njiani watu wanione. Nikafunga dirisha.

Nimefikiri sana. Mkeka hauvuliki. Sawa. Lakini nani alisema lazima mkeka uwe na uzito uleule?

Ijumaa, 5 Julai

Nimeukausha juani siku mbili, haukutosha. Leo Sulieti alipokuwa kwenye kikundi chake nimechukua kisu, nikaanza kuchana tabaka za ndani. Kwa nje unaonekana mzima, kwa ndani nimetoa rundo zima la ukindu. Kazi safi! Nimechoma mabaki nyuma ya nyumba.

Sulieti akarudi mapema. Akasimama juu ya jivu. Aliokota kipande kimoja kisichoungua, akakigeuza. Mama yake alisuka mkeka ule na dada zake, mwaka waliofiwa na baba yao. Nililijua hilo. Nadhani nililijua. Sikulifikiria wakati ule. Nikamwambia nitamnunulia mwingine. Akasema, "Penisimani, ningekupa mikeka yote ya kasha hili uichome, kama ungetembea na mimi asubuhi moja." Akaingia ndani na kile kipande.

Wanawake hawaelewi mashindano.

Tangu jana sijala. Naona vitu viwili viwili. Jasho baridi. Hiyo ni dalili nzuri, mwili unapungua. Nimekunywa soda mbili kuondoa kizunguzungu. Soda ni maji.

Jumamosi, 6 Julai

Sina nguvu ya kuandika. Lakini lazima iandikwe jinsi nilivyoonewa.

Ukumbi ulijaa. Kelepi alipanda kwanza: kilo tisa zimepungua. Makofi. Akafuata mama mmoja wa alto, saba. Akapanda Sulieti. Mke wangu mwenyewe! Kilo kumi na moja! Watu wakasimama, wakaanza kuimba. Nesi Lupe akamkumbatia akasema, na sukari yake nayo imeshuka, vidonge vyake tumevipunguza nusu. Mchungaji akamletea nguruwe kwa kamba. Mimi nilidhani angalau tutamla. Mwanamke yule akatangaza hapohapo kwamba hamchinji, atamfuga wazaliane, watoto wake watauzwa kununua viatu vya kutembelea vya kikundi. Nguruwe wangu! Viatu!

Ikawa zamu yangu. Nikapanda na mkeka wangu mwepesi. Nikavuta pumzi, nikajifanya mdogo. Sindano ya mizani ikapanda. Ikapanda. Mia na hamsini na nne.

Kelepi akasema polepole, Bwana Forodha, mzigo umeongezeka njiani. Watu wakalipuka. Shangazi alicheka. Mchungaji alicheka akijifunika na Biblia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikashuka. Na nilipogeuka kuwajibu nikaona hawacheki tena. Walikuwa wanaangalia mizani. Juu ya bamba lake palikuwa na alama ya kiatu changu, ya majimaji, nyeusi na nyekundu. Nesi Lupe akapiga magoti, akanivua kiatu bila kuniomba ruhusa. Kitambaa kikatoka, na pamoja nacho kikatoka kitu. Yule mama wa alto akatoka nje mbio. Sulieti alikuwa ameshika kamba ya nguruwe, akaiachia.

Mimi sikusikia maumivu. Niliwaambia hivyo. Niliwaambia haumi, jamani, haumi hata kidogo, kwa nini mnalia? Kelepi ndiye aliyenibeba mpaka kwenye gari, yeye na vijana watatu. Hata hapo alihakikisha watu wanamwona.

Jumanne, 16 Julai

Hospitali kuu, Nuku'alofa. Kitanda cha dirishani.

Wamekata. Kidole gumba na kinachokifuata, na sehemu ya wayo. Naandika haraka kwa sababu daktari ametoka sasa hivi na yaliyotokea yanathibitisha kwamba nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kwanza, wageni. Mchungaji alikuja akaomba sala ndefu. Kelepi alikuja na mapapai, akakaa saa nzima bila mzaha wowote, akasema kwaya haina besi bila mimi, macho yakamlengalenga. Sijui anatafuta nini kwangu. Shangazi amekuja leo na kapu: mbavu, tui, viazi vikuu. Nesi wa wodi akakataza. Shangazi akamwuliza yeye ni dada wa baba wa nani. Nesi akaondoka. Chakula kipo chini ya kitanda, kimefunikwa vizuri.

Sulieti analala sakafuni kwenye mkeka. Kila alfajiri anatembea kuzunguka uwanja wa hospitali, kisha anarudi kuniosha. Jana aliniambia nikiruhusiwa atanisukuma kwenye kiti cha magurudumu kando ya wangwa, na siku nikiweza kushika magongo tutaanza, hatua mbili, hatua tatu, anasema hana haraka. Alikuwa akisema huku ananichana nywele. Nilimwambia anipishe nisikilize redio.

Sasa, yenyewe. Leo asubuhi walinipima kwa mizani ya kitanda. Mia na arobaini na sita! Bila mkeka, bila shaka, lakini andiko ni andiko, karatasi ya Nesi Lupe haisemi mkeka. Kilo nane ndani ya siku kumi! Kelepi alihangaika mwezi mzima na kaptula kupata tisa! Nikamwuliza daktari kama atanipa cheti chenye mhuri nimpelekee Mchungaji. Akadhani natania.

Akakaa kitandani, daktari huyu, kijana tu, akanishika mkono. Akaniita mzee wangu, akaniambia nimsikilize. Nisipobadilisha chakula, nisipotembea, safari ijayo hatakata kidole. Atakata hapa. Akaweka mkono wake chini ya goti. Sulieti akafunika uso kwa shuka la kitanda.

Nikafikiri. Nikamwuliza daktari, kwa heshima, kuanzia hapo kwenda chini ni kilo ngapi.

Daktari alimtazama Sulieti, akasimama, akatoka. Sulieti naye akatoka, anatembea barazani, namsikia, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Watu hawa hawana jibu. Mimi nimekuwa mtu wa mizani maisha yangu yote, najikadiria mwenyewe: si chini ya sita, na kwa mguu kama wangu, saba. Mchungaji ametangaza mashindano mengine Desemba. Nimtazame Kelepi atazitoa wapi kilo saba kwa mpigo.